Wanachosema wakishakushusha

Kuna mwanamke kwenye hii muvi ameacha kuosha nywele. Haumwi, hajafiwa, maji hayajakatika, ameacha tu. Anabuni nguo na nguo zake zinauzwa bei mbaya, ana nyumba, ana mtoto, ana mume anayempenda, na nywele zimemshikana kama mtu aliyelala kwenye basi siku tatu. Kila mtu anaona. Hoja yake, kama nimemwelewa, ni kwamba haoni maana, maana ukishaziosha si zinachafuka tena?

Mi nywele zangu kuziosha ni shughuli ya Jumamosi nzima, kwa hiyo nilimwelewa haraka kuliko mumewe.

Muvi inaitwa Friends with Money, ya 2006, imeandikwa na kuongozwa na Nicole Holofcener, na mwaka ule ndo ilifungua tamasha la Sundance, lile la kule Utah ambako filamu za bajeti ndogo, hizi wanazoziita filamu huru, huwa zinaenda kutafuta bahati. Haifiki hata dakika 90. Hamna bunduki, hamna anayekufa, hamna harusi mwishoni. Wanawake wanne wanakula, wanaongea, wanarudi makwao, basi. Mara ya kwanza niliiangalia nikiwa na thelathini na kitu nikaizima katikati, nilikuwa nasubiri muvi ianze. Juzi nimeirudia nina 46 na usingizi umegoma saa nane za usiku, nikagundua kumbe ilikuwa imeanza zamani sana ila mimi ndo nilikuwa sijafika.

Niwatambulishe haraka. Wako Los Angeles. Jane ndo huyo wa nywele, anaigizwa na Frances McDormand, ana miaka 43. Christine, ambaye ni Catherine Keener, anaandika skripti za filamu pamoja na mumewe, meza zao zinatazamana, na wanajenga ghorofa juu ya nyumba yao. Franny, Joan Cusack, ana hela, na nikisema hela simaanishi mshahara mzuri, namaanisha ile hela ambayo mwenyewe hana haja ya kujua iko kiasi gani. Halafu kuna Olivia, ambaye ni Jennifer Aniston, mdogo kuliko wenzake, aliacha ualimu na sasa anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Hana mume, hana akiba, na bado anampigia simu bwana mmoja wa zamani ambaye ni mume wa mtu, akipokea anakata.

Sasa kitu kilichonikalisha kitako si nywele wala hela. Ni magari.

Yaani mnakula wote pamoja, mnacheka, mnakumbatiana mlangoni, baadaye mtapigiana simu, sawa. Halafu kila mume na mke wanarudi zao na ndo muvi yenyewe inaanzia hapo, garini au chumbani wanavua nguo. Umemwona yule? Hivi wale bado wanalala kitanda kimoja? Na Olivia tutamfanyaje? Wanaongea kwa upendo kabisa, hilo ndo linaloumiza, hakuna adui hata mmoja humo. Wanamjadili mtu wanayempenda kama watu wanavyojadili paa linalovuja, wana huruma, wana maoni, na wakifika nyumbani wanalala fofofo.

Na Olivia anarudi peke yake. Hana wa kumwambia "umemwona Jane nywele zake?" Akiwa na la kusema itabidi aiambie redio.

Nikasimamisha muvi hapo. Sisi tuko watano, tumejuana tangu tukiwa wasichana wa kuazimana mikufu, wanne wana waume na mimi nilikuwa naye nikaachana naye miaka saba iliyopita, kwa amani, hakuna stori hapo. Gari sina. Kwa hiyo kila tukikutana narudishwa na mmojawapo, nakaa kiti cha nyuma katikati ya mabegi na koti la mwenye gari, na njia nzima tunaongelea hali ya hewa, watoto, barabara mbovu. Miaka saba nimekuwa nikijiuliza kwa nini safari za kurudi zimepooza vile wakati watu hawahawa nusu saa iliyopita walikuwa wanagonga meza kwa kucheka. Kumbe wananisubiri nishuke!

Simaindi. Na mimi nilipokuwa na mume nilikuwa napiga umbea wa hivyohivyo, tena mi ndo nilikuwa naanza, gari halijafika hata barabara kubwa.

Turudi kwa Jane maana huyu mama nimemzimikia. Jane ana hasira, si hasira ya kununa, ni hasira ya kutembea nayo kama pochi. Mtu akimwahi kwenye nafasi ya kuegesha gari, ugomvi. Kuna sini yuko kwenye duka la nguo amepanga foleni, watu wanachomeka mbele yake, anawaambia, wanamwangalia kama kichaa, anapandisha sauti, wenye duka wanaingilia, na hatimaye anaondoka kwa kishindo, kichwa juu, heshima zake zote mkononi, moja kwa moja hadi kwenye mlango wa kioo. Anaugonga na uso. Pua inavunjika.

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo na mto, halafu nikaona haya kucheka. Maana ukifikiria vizuri Jane yuko sahihi. Karibu kila anapogombana yuko sahihi! Foleni ni foleni. Ila haki ikidaiwa na mtu aliyependeza inaitwa haki, ikidaiwa na mama mwenye nywele zimeshikana inaitwa matatizo ya akili, na muvi haikwambii uchague, inakuacha tu hapo na pua yake inavuja damu.

Mimi mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya ofisi fulani, kijana mmoja kaja kasimama mbele yangu, si pembeni, mbele, kisigino chake karibu kinikanyage. Nikamwambia kaka, foleni inaishia nyuma. Akageuka, akaniangalia, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mama, sijakuona." Nilikuwa nimevaa gauni la njano. Njano ya kuonekana toka mwezini. Na hakuwa anadanganya masikini, ningeweza kuvumilia kama angekuwa jeuri, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuka kukuta kuna kiumbe pale. Nikasema haya mwanangu, na nikabaki nyuma yake. Jane angepigana. Ndo maana yeye katengenezewa muvi.

Kuna kitu mumewe anamuuliza Jane, kwamba umechoka nini hasa, na jibu lake ni kama anasema hakuna tena kile cha kujiuliza itakuwaje. Ulipokuwa na ishirini ulikuwa unajiuliza, nitaolewa na nani, nitaishi wapi, nitakuwa nani. Sasa majibu yote yameshatoka na si majibu mabaya, ana kila kitu, ila fumbo limeisha. Hapo sikucheka. Watu wakisikia mwanamke wa miaka arobaini na kitu ana huzuni wanatafuta sababu, wanataka mume awe mlevi au mtoto awe anaumwa. Au wanasema ni homoni, na kweli mwili nao unakuwa na mambo yake, wengi wetu hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55 na kabla haijakoma miaka kadhaa usingizi unakimbia, hasira ziko karibu, joto linapanda ghafla katikati ya kikao. Lakini muvi hii haimalizi jambo la Jane kwa homoni na nadhani ni makusudi, maana ukishataja homoni tu, watu wanapumua, aah kumbe, na hakuna tena haja ya kumsikiliza anachosema.

McDormand mwenyewe alishinda tuzo ya Independent Spirit, ile ya filamu huru, kwa nafasi hii, mwigizaji msaidizi bora wa kike, na ni mama ambaye amewahi kusema wazi kwamba uso wake haukatwi wala kuvutwa na mtu. Inasaidia. Kamera inakuja karibu na unaona mikunjo inafanya kazi yake, uso unaongea hata kabla mdomo haujafunguka.

Mume wa Jane sasa. Anaitwa Aaron, nadhifu, ngozi laini, anapenda mashati mazuri, anaongea taratibu, na marafiki wote wameshahitimisha kwamba anapenda wanaume na mkewe hajui. Hii ni stori yao ya garini ya kudumu, haichuji. Hata anapata rafiki mpya naye anaitwa Aaron vilevile, sijui mwandishi alikuwa anacheka kiasi gani alipoandika hapo. Wakati huo sisi watazamaji tunaona kinachoendelea ndani, na ndani humo kuna mwanaume anayempenda mke wake, anamhofia, anamvumilia na zile nywele. Garini walikuwa wanaongelea mtu mwingine kabisa.

Wenye nyumba inayobomoka ni Christine na mumewe na ujenzi wao. Wanatunga mazungumzo ya watu wa kubuni, yeye anasoma maneno ya mwanamke, mume anasoma ya mwanaume, na unaona kabisa ugomvi ni wao wenyewe, ndani ya skripti wanatukanana kwa herufi kubwa. Christine akijikwaa au akijiumiza mume haulizi hata umeumia? Hilo tu. Mtu anaweza kuvumilia mengi lakini kutoulizwa umeumia, hapana. Na ghorofa linapanda, na majirani wamenuna, na anakuja kushtuka kwamba wamenuna kwa sababu jengo lao linawaziba wasione mbali. Alikuwa hajui. Alikuwa anawapungia mkono kila asubuhi.

Haya, Olivia. Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiti changu.

Olivia anazunguka kwenye kaunta za vipodozi kwenye maduka makubwa anaomba sampuli. Ile krimu ya bei kali ambayo kopo zima hawezi kulinunua, anajikusanyia kwenye vipakiti vya kujaribia, anaenda kaunta hii, anaenda nyingine, anajifanya mteja. Mwanamke mzuri vile, tena Jennifer Aniston, anaomba krimu ya kidole kimoja! Nani ambaye hajawahi? Mimi nimewahi kupaka manukato ya kujaribia dukani kabla ya kwenda kwenye usaili, nikamwambia muuzaji nitarudi, nikarudi kweli, ila siku ya usaili wa pili.

Halafu Franny anamkutanisha na mwanaume, Mike, mwalimu wa mazoezi. Mike anaanza kumfuata kazini, anakaa kwenye makochi ya watu wakati Olivia anasugua, mara anagusa kitambaa mara mbili tatu, halafu mwisho wa siku anaomba mgawo wake. Anaomba! Na Olivia anampa. Hii sini niliirudia. Hasemi kitu, anahesabu noti, anatenga zake, anatenga za Mike, uso umetulia kama anagawa karata. Nilikasirika hadi nikakaa kitandani nikasema kwa sauti, we dada una akili? Nikakumbuka mwanaume mmoja niliyetoka naye baada ya kuachana, kila tukitoka kula pochi yake ilikuwa imesahaulika nyumbani, kwa miezi mitano, na mimi nilikuwa nalipa nikijiambia anayesahau ni mtu mwenye mawazo mengi. Nikalala chini tena kimya.

Sini iliyonimaliza ni ya mkopo. Olivia anamwomba Franny hela ya kusomea kuwa mwalimu wa mazoezi. Kwa Franny hela hiyo ni kama kudondosha kitufe. Lakini Franny anaanza kuuliza maswali, hivi wewe si huwa hupendi mazoezi? Na ni kweli, Olivia hapendi mazoezi, wazo lenyewe ni la kijinga, kwa hiyo Franny ana hoja. Hapo ndipo pana utamu wa huyu mwandishi, hakumfanya tajiri kuwa mchoyo, kamfanya awe na hoja. Ukiwa huna hela kila mtu anapata haki ya kukagua wazo lako. Franny yeye akitaka kununua kitu cha kijinga hakuna anayemuuliza kama anakipenda.

Mimi nilikopeshwa. Miaka minne iliyopita, mmoja wetu, hela si ndogo, kwa ajili ya kozi, na tofauti na Franny yeye hakuuliza hata swali moja, alinitumia jioni ileile na kaujumbe "usijali shoga, ukipata". Nilimaliza kozi. Kazi iliyotoka pale ni ya kuunga unga. Nikarudisha theluthi, halafu nusu, halafu mambo yakakaa vibaya, na yeye hajawahi kunidai hata kwa utani. Hata kwa utani! Ingekuwa afadhali angenidai. Maana sasa tangu siku ile sijui kununua kitu. Nikinunua kiatu nasema ni cha zamani. Nikisuka nywele nzuri nasema kanisuka mtoto wa dada bure. Mwaka juzi nililetewa zawadi ya saa na kaka yangu, nikawa naivaa siku zote isipokuwa siku tukikutana, naivulia nyumbani naiweka kwenye droo kama mwizi. Na yeye sijui hata kama anaangalia, huenda amesahau kabisa, huenda hiyo hela alishaifuta moyoni siku ileile aliyotuma, lakini mimi nikimwona macho yake yakishuka kidogo tu nahisi yanaenda miguuni kwangu.

Hili ndo nilitamani muvi iende nalo mbele, na hapa nina ugomvi nayo. Mwishoni Olivia anakutana na Marty, mteja wa usafi, mzembe, nyumba yake haitamaniki, tena amempunguzia bei ya kazi, anabembeleza dola kadhaa. Wanaanza kutoka. Halafu, na kama hujaangalia ruka mstari huu, inakuja kujulikana Marty ana hela. Za urithi. Alikuwa nazo muda wote. Ah jamani. Najua mwandishi anatania, najua anasema hata mwenye hela anaweza kuishi kama hana, na kuna kaukweli, lakini umetutembeza saa nzima na nusu tukiangalia jinsi hela zinavyokaa katikati ya marafiki kama mtu wa tano mezani halafu unaitatua kwa bwana mwenye urithi? Mimi nilitaka kumwona Olivia anarudi kwa Franny mwaka mmoja baadaye amevaa kitu kipya.

Baada ya hapo nikaingiwa na wazimu wa kuangalia muvi zote za huyu Holofcener nilizoweza kuzipata, na nikagundua kitu ambacho hakijanitoka. Anarudia jambo moja! Enough Said ya 2013, kwa mfano. Eva ni dada anayefanya masaji, ameachika, binti yake anakaribia kuondoka kwenda chuo. Anaigizwa na Julia Louis-Dreyfus. Kwenye pati moja anakutana na mwanaume, Albert, na mwanamke, Marianne, huyu Marianne ni Keener tena, na anaanza kutoka na mmoja na kuwa rafiki wa mwingine. Marianne kila siku anamsengenya mumewe wa zamani, mnene, mzembe, akila parachichi la kupondwa anachambua vitunguu na kuvisukuma pembeni. Na siku moja Eva anaunganisha. Ni huyohuyo! Badala ya kusema, ananyamaza, anaendelea kusikiliza, anakusanya kasoro za mtu anayempenda moja baada ya nyingine kama anasoma maoni ya wateja kabla hajanunua friji. Albert ni James Gandolfini, alifariki Juni mwaka uleule na muvi ikatoka Septemba hayupo, kwa hiyo ule upole wake mle ndani unauma mara mbili. Hiyo kwangu ni stori ya garini vilevile, ila safari hii mtu kapanda gari kwa makusudi asikie.

Halafu You Hurt My Feelings, 2023, Louis-Dreyfus tena. Mwandishi wa vitabu na dada yake wanawaona waume zao dukani, wananyata wawashtue, na wakiwa pale nyuma anamsikia mumewe anasema kitabu kipya hakipendi. Mume huyo amekisoma mara sijui ngapi na kila mara akasema kizuri. Hakuna mchepuko wala nini, ni kitabu tu, na dunia ya yule mama inapinduka.

Ona sasa. Mke anasikia alichosema mume. Mpenzi anasikia alichosema mtalaka. Marafiki wanasema njiani. Ni zaidi ya miaka kumi na tano mtu mmoja anauliza swali lilelile kwa vichekesho, je, ungependa kusikia wanaokupenda wanachosema ukishashuka? Na si kwa watoto wa shule ambao wakisengenywa wanaweza kubadili kundi la marafiki, ni kwa watu wazima ambao marafiki wenyewe ndo haohao, mume ndo huyohuyo, hakuna muda wa kuanza kutafuta wengine wa kukujua tangu ukiwa na mikufu ya kuazima.

Jumamosi tulikutana. Nilivaa viatu vipya, na sitasema ni vya zamani, ni vipya, vya rangi ya damu ya mzee, vina kakisigino, nilivinunua kwa hela yangu na nusu ya deni bado iko palepale. Nilifika nimevikunjia miguu chini ya kiti kama mtoto aliyejikojolea. Katikati ya mazungumzo nikachoka, nikanyoosha miguu. Hakuna aliyesema kitu. Tulicheka sana siku hiyo, kuna mmoja alitusimulia jinsi alivyoshindwa kupumua ndani ya nguo ya kubana tumbo kwenye kikao cha kazi hadi akaenda chooni kuikata kwa mkasi, tulilia machozi.

Wakati wa kurudi lifti ilikuwa ya yeye, aliyenikopesha. Nikakaa nyuma. Mumewe akauliza watoto wazima, nikasema wazima. Akasema hii barabara sasa wataitengeneza lini, nikasema hata sijui shemeji. Tukafika. Nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja, taa ya ndani ikawaka, na ndo akageuka akaangalia chini.

"Viatu vizuri," akasema.

"Vipya," nikasema.

"Naona."

Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu lake la siku zote, lile la tangu tukiwa wasichana, sikuona kitu kingine ndani yake na niliangalia sana. Nikamwambia asante, usiku mwema shemeji, nikashuka. Huwa wanasubiri nifungue geti ndo waondoke, wameniwashia taa nione tundu la ufunguo, miaka saba hawajawahi kuondoka kabla. Nikafungua, nikageuka, nikapunga mkono. Gari likarudi nyuma taratibu likageuza, na kabla halijaingia barabarani nikaona kivuli cha kichwa chake kimemgeukia mumewe.

Toka kwangu hadi kwao ni dakika ishirini, kama hakuna foleni.